Namna ya Kuchagua Manukato ya Msimu Unaokuja kwa Mkazi wa Tanga

Mitindo ya manukato inayofika katika maduka ya Ngamiani hupangwa kwa kalenda ya Ulaya, ambako manukato mazito ya vanila, ambari na viungo hutolewa kuelekea majira ya baridi, yaani katika miezi ile ile ambayo sisi tunaimaliza vuli na kuingia katika kaskazi. Kwa hiyo, kabla hujamuuliza muuzaji kipya ni kipi, jiulize kwanza ni upepo gani unaokuja.

Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Joto la ngozi huyafanya mafuta ya manukato yaruke upesi, hata harufu iliyokusudiwa kufunguka polepole hutoka kwa kishindo, na ikiwa ni tamu huwachosha walio karibu. Mtindo wa harufu zinazokumbusha sukari na keki ulipata nguvu tangu manukato ya Angel ya Mugler yalipotoka mwaka 1992, na mpaka leo haujapoa. Mwenzenu nilijipulizia ya namna hiyo adhuhuri moja ya Januari, nikapanda daladala ya Raskazoni, na jirani yangu akalifungua dirisha lote bila kusema neno. Wakati huo chagua jamii ya ndimu, chungwa na mchaichai. Hizo hupotea upesi, basi chukua kichupa kidogo mkobani urudie alasiri. Usijaribu kujipaka maji ya ndimu yenyewe, kwa sababu yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka.

Masika haina mengi: hakikisha nguo zimekauka kabisa kabla ya kuzitia harufu, kwa kuwa manukato juu ya uvundo huzaa harufu ya tatu iliyo mbaya kuliko zote mbili.

Kusi inapovuma, Juni hadi Agosti, ndipo yale mazito ya Ulaya yanapopata mahali pake kwetu. Siku hizi inasifiwa sana mitindo ya kupandanisha harufu, jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila kulipa jina. Anza na nguo: washa makaa katika chetezo, usubiri mpaka yavikwe jivu jepesi, kisha weka kipande cha udi, ufunike kwa tenga na kuitandaza nguo juu yake. Ukiuweka udi makaa yakiwa bado mekundu, utaungua na kutoa moshi wa kuni tu. Baada ya hapo paka tone la mafuta ya msandali au ya udi nyuma ya masikio, na mwisho pulizia manukato ya chupa kidogo sana. Mwenye kanzu nyeupe aepushe mafuta ya udi na kola, maana doa lake la manjano halitoki kwa urahisi.

Vuli ni ya maua. Asumini hufunguka jioni, na kikuba kilichofungwa magharibi hunukia mpaka usiku wa manane. Anayependelea chupa atafute yenye asumini au langilangi, ua ambalo jirani zetu wa Komoro hulikamua mafuta kwa ajili ya watengenezaji wa manukato wa Ufaransa.

Unapojaribu dukani, pakaza kwenye mkono na si kwenye karatasi, toka nje utembee juani nusu saa, ndipo unuse tena, kwa sababu kinachokuvutia mwanzoni ni sehemu inayoruka kwanza. Usijaribu zaidi ya tatu kwa siku. Pua huchoka na kuanza kudanganya. Chupa ya msimu uliopita usiiache mezani karibu na dirisha wala bafuni. Ifunge vizuri katika boksi lake, uiweke chini kabisa kabatini, penye giza na ubaridi, mpaka upepo wake urudi.