Somo: Kukokotoa tarehe na saa katika Excel kwa mfano wa daftari la zamu za walinzi

Niliwahi kuombwa na ofisi moja kukagua jedwali la malipo ya walinzi wake, nikakuta kwamba kila mlinzi wa usiku alikuwa ameandikiwa saa sifuri za kazi. Karani hakuwa mzembe. Alinakili kilichokuwa kwenye daftari: kuingia saa kumi na mbili, kutoka saa kumi na mbili, akaandika 12:00 na 12:00, na kompyuta ikatoa moja kwa nyingine. Mtu aliyekesha getini hapaswi kupunjwa ujira wake kwa sababu hiyo, ndiyo maana somo hili ninalijenga juu ya daftari kama lile.

Hatua ya 1: Fahamu kilichomo ndani ya seli

Excel haihifadhi tarehe kama tunavyoiona. Inahifadhi hesabu ya siku, ambapo namba 1 ni tarehe 1 Januari 1900 na namba 45292 ni tarehe 1 Januari 2024. Saa ni sehemu ya siku: adhuhuri ni 0.5 na saa kumi na mbili asubuhi ni 0.25. Ukitaka kuliona hili kwa macho yako, andika tarehe yoyote, kisha bonyeza Ctrl+1 na uchague mwonekano wa namba ya kawaida. Kwa kuwa tarehe ni namba, unaweza kuijumlisha, kuitoa na kuilinganisha. Ikiwa si namba, hakuna fomula itakayokupa jibu la kuaminika.

Hatua ya 2: Hakikisha tarehe zako zimesomwa sawasawa

Sisi tunaanza na siku kisha mwezi, ilhali kompyuta nyingi huja zikiwa zimepangwa kwa desturi ya Marekani, inayoanza na mwezi. Kwenye kompyuta ya namna hiyo, 03/04/2024 itasomwa kuwa tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili, bila onyo lolote, na 25/04/2024 itabaki kuwa maandishi matupu kwa sababu hakuna mwezi wa ishirini na tano. Kosa la pili hujionyesha lenyewe, kwani maandishi hukaa kushoto mwa seli na namba hukaa kulia. La kwanza ndilo la kuogopwa, maana jedwali huonekana safi kabisa.

Dawa bora ni kubadili mipangilio ya nchi katika kompyuta kabla ya kuingiza chochote. Ikiwa umechelewa, na una hakika kwamba kolamu nzima ilisomwa kwa mtindo wa Marekani, fomula hii hurekebisha makosa yote mawili kwa pamoja, mradi siku na mwezi viliandikwa kwa tarakimu mbilimbili:

=IF(ISNUMBER(A2),DATE(YEAR(A2),DAY(A2),MONTH(A2)),DATE(RIGHT(A2,4),MID(A2,4,2),LEFT(A2,2)))

Hatua ya 3: Geuza saa za Kiswahili

Hapa ndipo palipomponza yule karani. Sisi huhesabu saa tangu jua linapochomoza na tena tangu linapotua, ilhali kompyuta huhesabu tangu usiku wa manane. Weka saa ya kuingia kama ilivyo daftarini, kwa mfano 1:00, katika kolamu B, na katika kolamu C andika neno mchana au usiku. Kisha katika F2 andika:

=MOD(B2+IF(C2="usiku",18,6)/24,1)

MOD hapa hutupa siku nzima na kubakiza sehemu ya siku tu. Saa moja ya mchana itakuwa 7:00, saa moja ya usiku itakuwa 19:00, na saa sita ya usiku itakuwa 0:00. Uangalifu mkubwa unahitajika kwenye saa kumi na mbili, ambayo ndiyo hufunga kipindi: saa kumi na mbili jioni iandikwe mchana, kwa kuwa ni saa ya mwisho ya mchana, na saa kumi na mbili asubuhi iandikwe usiku. Ukiyageuza maneno hayo, zamu nzima itageuka pia. Saa ya kutoka na kipindi chake viwe katika D na E, na fomula yake, ikisoma D2 na E2, iwe katika G2.

Hatua ya 4: Tafuta urefu wa zamu

Kutoa 18:00 katika 6:00 huleta namba hasi, nayo Excel huionyesha kama mstari wa alama za reli. Tumia =MOD(G2-F2,1) katika kolamu H, upate saa 12.

Hatua ya 5: Jumlisha na ulipe

Zamu 26 za saa 12 ni saa 312, lakini jumla hiyo ikionyeshwa kwa mwonekano wa kawaida wa saa itasomeka 0:00, kwa sababu saa 312 ni siku 13 kamili na mwonekano huo hutupa siku nzima. Weka mwonekano [h]:mm. Kwenye malipo, zidisha jumla kwa 24 kwanza: kwa shilingi 1,500 kwa saa, mlinzi anastahili shilingi 468,000, na ukisahau 24 utamwandikia 19,500.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nahitaji kuhesabu siku za kazi katika mwezi, nasi hupumzika Jumapili tu na sikukuu.

Jibu: Marahaba. Tumia =NETWORKDAYS.INTL(A2,B2,11,K2:K20), ambapo A2 ni tarehe ya kwanza, B2 ni ya mwisho, 11 humaanisha mapumziko ya Jumapili pekee na K2:K20 ni orodha ya sikukuu. Sikukuu kama Muungano, 26 Aprili, unaweza kuziandika mapema, lakini za Idi zisubiri mwezi uandame.

Swali: Nimenakili tarehe kutoka faili la mwenzangu anayetumia Mac, zikarudi nyuma miaka minne. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea, ndugu yangu. Faili lile linahesabu siku kuanzia 1904, kama baadhi ya mafaili ya zamani ya Mac. Ongeza 1462 kwa kila tarehe uliyonakili.

Swali: Walinzi wetu wa mwisho wa wiki hushinda na kukesha saa 24 kamili, na fomula ya hatua ya 4 inaonyesha sifuri.

Jibu: Ni kweli, dada. MOD inafaa kwa zamu isiyofika saa 24 tu, nami nilipaswa kulisema hilo mapema. Ongeza kolamu ya tarehe ya kutoka, tuseme I, kisha utumie =(I2+G2)-(A2+F2) kwa zamu zote, fupi na ndefu, kwa mwonekano [h]:mm ili saa 24 zisisomeke 0:00. Tarehe ya A iwe ile ambayo mlinzi aliingia. Akiandika “usiku wa kuamkia Jumapili”, weka tarehe ya Jumamosi kama aliingia kabla ya saa sita ya usiku, na ya Jumapili kama aliingia kuanzia saa hiyo.