Risasi kwanza, bunduki baadaye: namna ya kuchagua bunduki ya bolti ya kuwindia

Msimu ukikaribia napigiwa simu zinazofanana. "Shikamoo kaka. Kuna mzee huku Nyakato, Mwanza, anauza bunduki yake ya bolti, bado inang'aa. Niichukue?" Namwitikia, kisha namuuliza anataka kuwinda nini. Kimya. Halafu: "Chochote tu, kaka."

Ya chochote haipo, ndiyo maana nimeandika hatua hizi kwa mpangilio ambao wengi wanaugeuza. Ila makaratasi kwanza. Kumiliki bunduki na kuhamisha umiliki vinapitia polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kuwinda ni leseni nyingine kabisa, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na wa kuwauliza ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kibali cha silaha hakikupi ruhusa ya kuua hata digidigi. Kama mojawapo huna, bado hujafika hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Taja mnyama

Andika wanyama walio kwenye leseni yako, siyo wale wa ndotoni. Wengi wetu wa Mwanza tunaishia kwa swala pala, ngiri, nyamera, labda nyumbu au pundamilia. Hao hawahitaji mzinga. Pofu dume ni habari nyingine: anaweza kufika kilo 900, na risasi nyepesi itaishia begani. Nyati usimwendee na kitu chini ya .375, yaani unene wa kichwa cha risasi kwa inchi. Nimewasikia wanaosimulia habari za Bell, yule Mskoti aliyeangusha tembo wengi kwa 7x57 Mauser, risasi nyembamba kuliko hiyo. Sawa, lakini wewe siyo Bell.

Hatua ya 2: Chagua risasi

Hapa kaa muda mrefu kuliko pengine pote. Kwa orodha ile ya kawaida, mbili zinatosha: .308 Winchester iliyotoka mwaka 1952, au .30-06 Springfield ambayo Wamarekani wanayo tangu mwaka 1906. Vichwa vyake, yaani ile sehemu inayoruka, vina unene uleule. Tofauti iko kwenye ganda: la .308 lina urefu wa milimita 51, la .30-06 milimita 63, hivyo hilo la pili linabeba baruti zaidi na linasukuma vizuri vichwa vizito. Kwa sababu vichwa vinalingana, kuna watu hudhani risasi zenyewe zinaweza kubadilishana. Usijaribu kamwe. Soma maandishi kwenye kitako cha ganda, kisha soma yaliyochongwa kwenye mtutu. Yasipofanana, rudisha risasi kwenye boksi.

Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na gramu moja ni kama greni 15.4. Kwa swala, greni 150 zinatosha. Mimi hutumia .30-06 ya greni 180, karibu gramu 11.7, yenye ncha laini, kwa sababu siku hiyohiyo naweza kukutana na pundamilia. Ukiwa na nyati kwenye leseni, .375 H&H ya mwaka 1912 yenye kichwa cha greni 300 bado haijazeeka.

Mimi nilianza vibaya. Nilinunua .300 Winchester Magnum kwa sababu rafiki yangu alikuwa nayo. Teke lake lilinifundisha kufumba macho kabla ya mlio, na nyamera wangu wa kwanza nilimkosa kwa mita 80, amesimama ubavu ananitazama. Risasi nazo nikawa natafuta mji kwa mji. Kwa hiyo kabla hujalipia bunduki, nenda dukani uombe maboksi mawili ya risasi zake. Ukiambiwa "njoo mwezi ujao", umeshapata jibu.

Hatua ya 3: Chunguza bolti

Bolti ni komeo: unainua mkono wake, unavuta, unasukuma, unafunga. Anza kwa kuhakikisha chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) na magazini (kisanduku cha risasi za akiba) ni tupu, kwa macho na kwa kidole. Kisha omba risasi za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki, ujaze magazini.

Sukuma bolti polepole huku ukiangalia. Kwenye mtindo wa Mauser wa mwaka 1898 kuna ukucha mrefu ubavuni; risasi ikipanda tu kutoka kwenye magazini, ukucha unaidaka. Ukivuta kabla ya kufunga, inarudi nayo. Kwenye mitindo mingine risasi inasukumwa tu mbele na kushikwa bolti ikishafungwa, kwa hiyo ukighairi katikati inabaki chemba, na ukisukuma tena unaipelekea ya pili kisogoni. Kwa swala haina shida. Kwa nyati, mimi nataka ukucha.

Hatua ya 4: Ipime mwilini

Fumba macho, weka kitako begani, laza shavu, fumbua. Jicho likikutana na darubini bila kunyoosha shingo, inakufaa. Acha sentimita 8 hadi 9 kati ya jicho na kioo. Wanaosogea karibu zaidi utawatambua kwa kovu la mwezi mchanga juu ya nyusi.

Hatua ya 5: Kumbuka ziwa

Unyevu wa huku kando ya Ziwa Victoria hauna huruma. Kitako cha mbao kikivimba hugusa mtutu na shabaha inahama, ndiyo maana mimi natumia cha plastiki ngumu, ingawa mbao zinapendeza zaidi. Ukitoka porini futa mtutu, paka mafuta kidogo, na usiiache kwenye mfuko wa sponji. Ifungie kwenye sefu ikiwa kavu, risasi mahali pengine.

Hatua ya 6: Ilenge

Kwenye uwanja wa shabaha wenye ruhusa, piga tatu tatu kwa mita 100. Kwa .30-06 ya greni 180, panga darubini ili zipige kama sentimita 5 juu ya alama, na kwa mita 200 utakuwa karibu katikati.

Halafu mpe mwenzako bunduki akupakilie bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ya mazoezi. Lenga, vuta. Ile ya mazoezi ikilia "tik" na ncha ya mtutu ikainama, ni wewe unayeogopa teke, na darubini haina kosa. Mimi na ile .300 yangu, mtutu uliinama mara nne kati ya tano. Niliiuza.