Mabaka ya mzio: namna ya kumpa dawa mkubwa na mtoto

Msimu wa korosho ukifika huku Mtwara, wanaojikuna huongezeka kwenye dirisha letu la dawa, na wengi huagiza Piriton, dawa ya mzio (aleji), kabla hata hatujaitazama ngozi. Tuanze na ngozi.

1. Hakikisha ni mzio. Mabaka ya mzio huvimba na kuwasha sana. Zungushia moja kwa kalamu: kwa kawaida ndani ya saa 24 hapo pameshatulia, hata kama mengine yameibuka mgongoni. Malengelenge na ngozi iliyobabuka vidoleni kwa mbangua korosho ni jambo jingine. Hayo ni mafuta ya ganda, yanaunguza. Osha kwa sabuni na maji mengi, nenda zahanati. Dawa ya mzio haiponyi kidonda hicho.

2. Tazama hatari. Ulimi umevimba, sauti inakwama, anapumua kwa shida au anazimia? Usihangaike na kidonge. Anahitaji sindano ya adrenalini ya paja, upesi. Mkimbize hospitali.

3. Chagua dawa. Mimi hutoa setirizini au loratadini. Piriton inafanya kazi, ila inalewesha usingizi, na sipendi kumpa dereva wa bodaboda anayerudi Mikindani usiku. Mtoto chini ya miaka 2 aonwe kwanza na daktari. Prometazini, dawa nyingine ya mzio, asipewe kabisa.

4. Pima sawasawa. Setirizini, kuanzia miaka 12: mg 10 mara moja kwa siku. Miaka 6 hadi 11: mg 5 asubuhi na jioni. Miaka 2 hadi 5: mg 2.5 asubuhi na jioni. Dawa ya maji mara nyingi ina mg 5 katika ml 5, lakini soma chupa yako. Mama, tumia bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. Mwenye ugonjwa wa figo aseme mapema, kipimo chake hupunguzwa.

5. Meza kila siku, usingoje kuwashwa. Dawa huizuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, isiendelee kuvimbisha ngozi, ndiyo maana ukirukaruka siku mabaka hurudi.

6. Tafuta chanzo. Kamba, pweza, korosho yenyewe, diklofenaki ya maumivu, antibiotiki. Kwa watoto mara nyingi ni mafua tu, kwa hiyo usimnyime mtoto samaki kwa kukisia.

Usipopata nafuu, usijiongezee vidonge. Daktari anaweza kumpandishia mtu mzima hadi mara nne ya kipimo, akimfuatilia. Zikipita wiki 6 mabaka yakiwa bado yanatoka, muone daktari wa ngozi.