Kabla ya Kushusha Kundi la Nyambizi Zisizo na Nahodha Katika Maji ya Mtwara: Mambo ya Kuzingatia

Anayekusudia kushusha nyambizi ndogo tatu au nne mbele ya Msimbati, ili zipime joto na chumvi ya maji kwa wakati mmoja, hana budi kwanza kuamua ni swali gani anataka kundi hilo limjibie, kwa sababu umbali baina ya chombo na chombo hutokana na swali hilo, si idadi ya vyombo alivyonavyo. Vyombo vilivyokaribiana mno hupima maji yaleyale na kuleta jibu moja mara mbili. Vikiachana mno, kinachotokea katikati hakionekani. Anayefuatilia namna maji ya mto Ruvuma yanavyotandaa juu ya maji ya chumvi atavipanga kwa kilomita chache, ilhali anayechunguza mkondo wa nje anaweza kuviachanisha kwa makumi ya kilomita.

Mkondo ndio wa kufikiriwa kuliko yote. Maji yanayosafiri kutoka mashariki ya Bahari ya Hindi hufika pwani karibu na Ras Delgado, upande wa Msumbiji, yakagawanyika, na tawi la kaskazini hupita Mtwara, Lindi na Kilwa mwaka mzima. Wakati wa kusi kasi yake inaweza kuzidi mita 1 kwa sekunde. Glaida, yaani chombo kisicho na pangaboi ambacho husonga kwa kubadili ujazo wake na kupanda na kushuka, huenda kiasi cha sentimita 25 hadi 35 tu kwa sekunde. Maana yake ni kwamba glaida ikinaswa na mkondo wa mita 1 kwa sekunde itachukuliwa kiasi cha kilomita 55 hadi 65 kwa siku moja na kupita usawa wa Lindi, hata kama programu yake inaielekeza Msimbati. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya kundi ifanyike katika tangambili, upepo unapobadilika, na vyombo vyenye pangaboi, vinavyoweza kwenda kiasi cha mita 1.5 kwa sekunde, ndivyo vipewe njia za nje.

Kupwa na kujaa kuna mtego wake. Bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa wingi kuliko kawaida, husukuma maji kwa nguvu katika milango ya Ghuba ya Mnazi, hivyo ni busara kuanza na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Zaidi ya hapo, maji hujaa tena baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Chombo kinachomaliza mzunguko wake kwa muda unaokaribia huo kitafika kila mahali katika hali ileile ya maji, na mtafiti atadhani bahari imetulia kumbe imepanda na kushuka nyuma ya mgongo wake. Urefu wa mzunguko upangwe kwa kuliepuka hilo.

Baada ya hapo kuna suala la mawasiliano. Mawimbi ya redio hufifia upesi mno katika maji ya chumvi, kwa hiyo chombo kilichozama hakipati setilaiti wala hakijui kwa hakika kilipo. Sauti husafiri majini kwa kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, hivyo ujumbe na jibu lake baina ya vyombo vilivyoachana kilomita 3 huchukua sekunde 4, na viwili vikisema pamoja hakuna anayesikika. Zamu za kusema ziandikwe mapema, na saa zote zilinganishwe kabla ya kushusha. Katika jaribio la Ghuba ya Monterey, Marekani, mwaka 2006, glaida zilipangwa na kompyuta iliyokuwa nchi kavu, nazo zilipokea maagizo mapya kila zilipoibuka. Utaratibu huo ni mzuri kwa anayeanza, ila kila chombo kipewe pia agizo la kufuata endapo kitakosa habari za wenzake.

Uzito nao usipuuzwe. Wakati wa masika, maji ya Ruvuma hupunguza chumvi ya tabaka la juu. Kwa chombo chenye ujazo wa lita 50, maji yakipungua uzito kwa kilo 10 kwa kila mita ya ujazo, nguvu ya kukiinua hupungua kwa nusu kilo, na kinaweza kushindwa kuibuka. Vihisi vyote vitiwe kwanza katika pipa moja la maji ya bahari ili tofauti zake zijulikane. Betri zijazwe, zikaguliwe, zisafirishwe kwa kufuata kanuni za usafirishaji wa betri za lithiamu.

Vibali vya utafiti na vya hifadhi ya bahari viombwe miezi kadhaa kabla, na mpaka wa Msumbiji uwekwe ndani ya programu kama ukuta. Lakini kibali hakimfikii mvuvi wa jarife, ambaye wavu wake ndio riziki ya watoto wake na ndio utakaokinasa chombo. Mtafiti aende kwenye diko, yaani mahali wavuvi wanapoegesha vyombo vyao, pamoja na viongozi wa kijiji, akionyeshe chombo chenyewe, aulize nyavu hutegwa wapi, na aepuke usiku wa giza, mashua za dagaa zinapokuwa nyingi. Akubaliane nao mapema atalipaje wavu utakaochanika. Mashua ya kufuatia ikae upande wa kaskazini, mkondo unakoelekea, na wenye madiko ya Lindi nao wapewe taarifa. Ubavuni mwa kila chombo paandikwe kwa Kiswahili kuwa hakina madhara, pamoja na namba ya simu inayopokelewa usiku na mchana.