SOMO: Kupima utamaduni wa usalama wa mgonjwa kwenye kliniki za usiku na wikendi

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne jinsi ya kupima utamaduni huu, yaani mitazamo ya wafanyakazi kuhusu usalama wa mgonjwa kazini kwao, kwa hiyo naliweka lote hapa. Soma hadi mwisho ndipo uulize.

1. Usitunge dodoso lako. Mimi hutumia SAQ (Safety Attitudes Questionnaire, dodoso la mitazamo ya wafanyakazi kuhusu usalama), toleo la wagonjwa wa nje. Chimbuko lake ni dodoso la marubani, na lina maeneo sita: ushirikiano, hali ya usalama, kuridhika na kazi, kutambua msongo, uongozi na mazingira ya kazi.

2. Pata kibali cha maadili.

3. Tafsiri. Mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya awali bila kuona dodoso lenyewe, kisha linganisheni.

4. Waeleze wanajibu kuhusu WAPI. Hapa ndipo nilipoharibu. Wafanyakazi wengi wa usiku wana kazi nyingine mchana. Dodoso langu liliandika tu "kituo hiki", na alama za uongozi zikatoka nzuri ajabu. Nikafurahi, nikaandika ripoti. Baadaye muuguzi mmoja akaniuliza, "Ulimaanisha huku au kule ninakoshinda?" Nilipowauliza wenzake, karibu nusu walikuwa wamemfikiria bosi wao wa mchana. Kazi ya miezi mitatu nikaitupa. Basi andika juu ya KILA ukurasa: "Jibu kuhusu zamu za usiku na wikendi za hapa tu." Usitegemee maelezo ya mdomo, na usiiweke sentensi hiyo kwenye barua ya utangulizi, barua haisomwi.

5. Wape wote: madaktari, wauguzi, wapokea simu, mapokezi. Anayepokea simu ndiye anayeamua nani aje sasa na nani asubiri asubuhi. Ukimwacha, umeacha hatari kubwa kuliko zote.

6. Kila sentensi hujibiwa kwa 1 (sikubali kabisa) hadi 5 (nakubali kabisa). Geuza kwanza alama za sentensi hasi (1 iwe 5, 2 iwe 4, na kinyume chake). Kisha 1 huwa 0, 2 huwa 25, 3 huwa 50, 4 huwa 75, 5 huwa 100. Tafuta wastani wa kila mtu kwa kila eneo, halafu asilimia ya waliofikia 75.

7. Kundi lenye watu chini ya watano usiripoti matokeo yake peke yake. Usiku watu ni wachache, watatambulikana.

MASWALI

— Mkuu, wastani wetu ni 68, tumefaulu?
Huu si mtihani. Rudi hatua ya 6.

— Naweza kuwapa madaktari tu? Muda ni mfinyu.
Hatua ya 5. Ukifanya hivyo, utakuwa umepima maoni ya madaktari, usiyaite utamaduni wa kituo.

— Kwetu "kutambua msongo" inakwenda kinyume na maeneo mengine. Nimekosea hesabu?
Swali zuri sana, na huenda hukukosea. Maeneo mengine yanauliza kituo kikoje. Hili linamuuliza mtu kama anakubali kuwa uchovu unamharibia kazi. Anaweza kukubali hivyo mahali pazuri au pabaya. Watafiti kadhaa wameshasema halikai vizuri na mengine. Liripoti peke yake, na usijumlishe maeneo yote sita kuwa namba moja.

— Niongezee hapo: sisi tuligawa dodoso kwenye makabidhiano ya zamu, wakajibu haraka wakiwa wamesinzia.
Asante. Kwangu wapeni mwanzo wa zamu, na sanduku lenye kufuli liwe mbali na ofisi ya msimamizi.

— Sanduku tuliliweka chumba cha chai. Lilijaa.