Maji ya ndege uani wakati wa kaskazi: mwongozo kwa wakazi wa Tanga

Kuanzia Desemba hadi Machi, Ulaya iko kwenye theluji na watu wanawatundikia ndege mafuta na karanga wasife kwa baridi. Tanga miezi hiyo hiyo ni kaskazi, na shida ya ndege wetu ni joto na kiu. Mtazame mnana kwenye kamba ya nguo saa saba mchana: mdomo wazi, mabawa kayaachia mbali na mwili, koo linapwita. Ndege hana jasho. Anajipoza kwa kuhema, na kila anapohema anapoteza maji. Ua uliosakafiwa haumbakizii hata kidimbwi, kwa hiyo anachohitaji kwako ni maji. Habari ya chakula tutaifikia, nayo ni fupi.

Vifaa

Tafuta sahani ya udongo usiotiwa rangi wala kung'arishwa, ile ya kuwekea chini ya chungu cha maua, yenye upana wa sentimita 35 hadi 40. Udongo unavuja kidogo na maji yanapoa kama ya mtungini. Sinia la bati huunguza miguu kufikia saa nne asubuhi, na beseni la plastiki huteleza. Ndege mdogo hatakaa humo. Ongeza changarawe zilizooshwa vikombe 2, jiwe moja bapa, nguzo ya mkaratusi ya mita 2, ubao wa sentimita 40 kwa 40, kipande cha bati laini, chupa ya maji ya lita 1.5, kamba ya katani na brashi ngumu. Kumbi la nazi linasugua vizuri kuliko brashi nyingi za dukani.

Mlingoti mkavu wa mkonge haukosekani Tanga na unashawishi, lakini ni mwepesi mno kwa kazi hii. Upepo unautikisa na maji yanamwagika.

Hatua ya 1: Chagua mahali

Paka ndiye anayeamua. Weka sahani mita 2 hadi 3 kutoka kwenye kichaka au mti wa karibu. Ikiwa karibu zaidi ya hapo, paka anajificha na kuruka mara moja. Ikiwa mbali sana, ndege aliyelowa, ambaye anaruka kwa shida, hafiki penye usalama. Chagua mahali penye kivuli kuanzia saa tano hadi saa kumi. Chini ya mwembe kuna kivuli kizuri, ila uchafu, maua na embe zilizooza zitadondokea majini kutwa. Sogea pembeni kidogo ya matawi.

Hatua ya 2: Simamisha nguzo

Chimba shimo la sentimita 60, simamisha nguzo, shindilia kwa kokoto na udongo. Juu ya ardhi itabaki mita 1.4. Pigilia ubao, kisha pima kwa bilauri iliyojaa maji: yakiinama upande mmoja, nguzo haijanyooka. Zungushia nguzo bati laini lenye urefu wa sentimita 60, ukingo wake wa juu ukiwa chini kidogo ya ubao, ili makucha ya paka yakose pa kushika. Kunja kingo zake kwa nyundo zisikate mtu.

Hatua ya 3: Panga sahani

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanajaza maji mengi. Ndege wadogo kama shorewanda na chozi hawaogi kwenye kina cha kiganja. Tandaza changarawe ili upande mmoja maji yawe na kina cha sentimita 1 na upande wa pili yasizidi 4, kisha weka jiwe bapa katikati, kichwa chake kikiwa nje ya maji. Kifaranga akitumbukia atakuwa na pa kupandia, na nyuki watapata pa kutua bila kuzama.

Hatua ya 4: Tia maji yanayofaa

Tumia maji ya bomba au ya mvua. Visima vingi karibu na bahari vina maji ya chumvi, na figo za ndege wadogo wa nchi kavu hazimudu chumvi nyingi. Tena maji yanapokauka juani, chumvi inabaki. Ukiongezea juu kila siku bila kumwaga, mwisho wa wiki umewawekea maji makali kuliko ya kisima chenyewe. Yaonje: ukihisi chumvi ulimini, hayafai.

Hatua ya 5: Yafanye yadondoke

Ndege huvutwa na mlio na mmeto wa tone kuliko maji yaliyotulia. Toboa kitako cha chupa kwa sindano ya moto, tundu moja tu. Jaza maji, funga kizibo, itundike kwa katani nusu mita juu ya sahani. Kizibo kikibana, hewa haiingii na maji yanasimama. Kilegeze kidogo kidogo mpaka upate tone moja kwa sekunde. Kwa mwendo huo chupa inachukua kama saa 8, yaani ukiijaza asubuhi inakufikisha alasiri. Ikisita ghafla, tundu limezibwa na mchanga, lipitishie sindano.

Hatua ya 6: Safisha kila siku, bila kuruka

Ukijua hutaweza hatua hii, usianze kabisa. Mbu aenezaye dengue huuma mchana na hupenda vyombo vidogo vya majumbani kama hiki, na mwaka 2019, homa hiyo iliposhika Dar es Salaam, Tanga nayo ilipata wagonjwa. Kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili baada ya wiki moja hivi, kwa hiyo kumwaga maji kila asubuhi kunamkata njiani. Lakini kumwaga peke yake hakutoshi. Mayai anayabandika ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanavumilia ukavu kwa miezi. Ndiyo maana ya kumbi la nazi: sugua ukingo wote, hasa ile alama ya maji ya jana.

Mara moja kwa wiki toa changarawe, loweka sahani dakika 10 kwenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, suuza mara tatu na uianike juani mpaka harufu iishe. Ukoga wa kijani ukirudi baada ya siku mbili, sahani inapigwa na jua mno.

Wenye kuku wawe waangalifu zaidi. Kideri, ugonjwa wa kuku, hupita kwa vinyesi, na njiwa wanaweza kukibeba. Mabaki ya sahani yasimwagwe wanapochokora kuku, na kuku wapewe chanjo ya matone ya jicho kila baada ya miezi 3, uwe na sahani au usiwe nayo.

Kunguru

Atakuja. Kunguru huyu wa Kihindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale takataka, akavuka bara, na sasa anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Atachukua mfupa au utumbo wa samaki, aje auloweke kwenye sahani yako. Kumfukuza kwa mawe ni kazi bure, anakukariri sura. Tundika kifuu cha nazi kilichokatwa nusu kwa kamba tatu za katani, kitie maji ya vidole viwili na kijiwe. Chozi na mnana watakitumia. Kunguru akitua ukingoni, kinapinduka naye. Tetere na pugi hawawezi kutumia kifuu, ndiyo maana sahani inabaki.

Chakula

Wali, ugali na mkate ni mwaliko wa kunguru na panya. Usiweke. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu ni hatari zaidi: sumukuvu ndiyo iliyoua bata mzinga zaidi ya laki moja Uingereza mwaka 1960, kwa mashudu ya karanga tu. Maji ya sukari nayo huchacha kwenye joto hili. Badala yake acha ua la mgomba lining'inie, chozi atalijia mwenyewe, panda mshubiri, na papai moja la juu kabisa, ambalo hata hivyo ungelipata kwa taabu, mwachie shorewanda.

Masika ikishika, madimbwi yanarudi na sahani haina kazi. Isugue, ianike, ipindue kifudifudi juu ya ubao wake. Kifuu nacho kishushe, maana mvua ya usiku mmoja inatosha kukijaza, na mbu hachelewi.