Rangi achague yeye, mshono nikague mimi

Mimi ni fundi cherehani, na bado mwanangu wa kwanza alinishinda. Alipokuwa na miaka 13 nilimnunulia mashati matatu bila kumuuliza, yote ya mshono uliotulia. Moja alilivaa mara moja. Mawili yalikaa kabatini mpaka mikono ikawa mifupi, nikayagawa yakiwa bado na lebo. Baada ya hapo tuligawana kazi: rangi, mtindo na michoro ni juu yake, kipimo, kitambaa na mshono ni juu yangu. Nguo isiyopita kwa mmoja wetu inarudi kwenye hanga.

Kabla ya kutoka nyumbani kwenda kumnunulia kijana wako nguo, mwageni nguo zake zote kitandani, azijaribu. Zilizombana weka kando. Zile zinazomtosha lakini hazivai, muulize sababu na usibishane na jibu. Wangu alisema kola zinamkaba. Kumbe miezi yote ile nilidhani ni kiburi! Mdogo wake wa kike naye alikuwa na suruali nne, zote nyeusi. Sikumgombeza, tulienda kutafuta blauzi za kuvaa nazo.

Kisha mpime upya: kifua, kiuno, nyonga, na mguu kwa ndani. Akiona haya, mpe futi ajipime mwenyewe chumbani. Vipimo vya mwaka jana visahau. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na miaka 11 au 12, wavulana 13 au 14, na mvulana anaweza kuongeza sentimita 9 au 10 kwa mwaka mmoja. Nyayo hutangulia. Ukiona viatu vinambana ghafla, suruali ya bei kubwa isubiri, au chagua yenye kitambaa cha kutosha ndani ya pindo ili uje kuishusha.

Pesa mtajie mapema, kiasi kamili. Ukimwambia "tutaona tukifika", mtagombana mbele ya muuzaji. Akitaka kuimaliza karibu yote kwenye jaketi moja, mwache, ila ajue kilichobaki ndicho cha kununulia soksi.

Kwenye chumba cha kujaribia aingie peke yake. Mwambie ainue mikono, achuchumae, akae, ainame kama anayefunga kamba za viatu. Shati likichomoka au suruali ikishuka nyuma, atalijua mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Na ukifungua, isemee nguo: "hii ni ndogo," kamwe si "umenenepa." Neno hilo moja linaweza kumfanya asitake tena kwenda dukani na wewe.

Hapa ndipo ufundi wangu unapoingia. Pindo refu na kiuno kipana ni kazi ndogo kwa fundi. Bega ni balaa. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukianguka chini, kuurekebisha ni kufumua mkono mzima. (Mashati mapana wanayoyapenda hayamo kwenye sheria hii, nimeshasalimu amri.) Igeuze nguo ndani nje, shika pande mbili za mshono uvute taratibu. Mwanga ukipenya kwenye matundu ya sindano, irudishe. Fumbata kitambaa ngumini kwa muda, uachie: kikibaki na makunyanzi, jiandae kupiga pasi kila siku. Pamba huweza kunywea ikifuliwa kwa maji ya moto, kwa hiyo usinunue inayobana tangu dukani. Poliesta haifyonzi jasho vizuri na hushika harufu, jambo ambalo kijana anayecheza mpira atakuthibitishia ndani ya wiki moja.

Mkifika nyumbani avae tena, safari hii pamoja na nguo alizonazo, mbele ya kioo chake. Lebo zisikatwe kabla ya hapo. Risiti natunza mimi, maana zake huwa anazifua zikiwa mfukoni.